Aliyechimba Huonja Kwanza

Tangu lini mtsunga ukatiwa sukari? Hilo ndilo swali aliloliuliza Mbeyu Jumamosi ile mbele ya duka la Mueni, pale Junju, na hakuna aliyemjibu. Watu wote walikuwa wameikodolea macho televisheni. Na ndani ya televisheni alikuwa Gona, kijana aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe, amevaa aproni nyeupe yenye jina la kampuni kifuani, anacheka mpaka jino la mwisho laonekana. Mkononi alikuwa na pakiti ya Kolezo, ile poda ya kiungo. Akaikung'uta yote juu ya mboga, kisha akachota kijiko cha sukari akamalizia.

"Hapo uchungu wote kwisha," Gona akasema. "Sasa hata mtoto hatakataa."

"Uchungu kwisha!" Mbeyu akafyonya. "Na mtsunga ukiondolewa uchungu kinabaki nini? Si majani ya mbuzi hayo!"

Wanaoujua mtsunga watamwelewa. Ni mboga inayojiotea yenyewe makondeni mvua ikinyesha, chungu kwelikweli, na wenyewe huichemsha, wakamwaga maji ya kwanza, wakaiunga kwa tui zito la nazi. Uchungu haumwagwi wote. Unaachwa kidogo ukae kooni, ndiyo raha yake. Mbeyu alimfundisha Gona kumwaga maji hayo alipokuwa na miaka saba, amepandishwa juu ya kinu kilichopinduliwa kwa sababu hafiki kwenye sufuria.

Mueni alikuwa dirishani pa duka anapima unga. Ni Mkamba, alifika Junju miaka kumi na mitano iliyopita na mume aliyefuata kazi ya mkonge. Mume alikwenda zake, yeye akabaki, na mdomo wake akabaki nao.

"Mama, mwache mtoto atafute," akasema. "Nyinyi watu wa pwani si ndio mnaosema mkono mtupu haulambwi?"

"Sikatai ulambwe. Lakini huu wake umelambwa mpaka umebaki mfupa."

Watu wakaangua kicheko. Mbeyu hakucheka. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Mueni hakusema uongo. Nani aliyemwezekea nyumba kwa mabati? Gona. Nani aliyemletea tangi la maji, lile kubwa jeusi linalosimama uani? Gona huyohuyo. Ila tangi lenyewe limeandikwa KOLEZO ubavuni kwa herufi nyekundu, na kila akienda kuteka maji ya kunywa lazima alisome neno lile kwanza. Aliwahi kulipaka chokaa, mvua ikaja ikaiosha.

Zamani haikuwa hivi. Miaka saba nyuma Gona alikuwa na simu moja iliyopasuka kioo. Alimfuata Mbeyu kondeni akipiga picha mikono yake tu: inachuma, inapembua, inachemsha. "Mayo, sema tena polepole," angemwambia. Ndivyo alivyomwita, Mayo, yaani mama kwa Kigiriama, ingawa aliyemzaa ni Jumwa, mdogo wake Mbeyu, aliyekufa Gona akiwa na miaka minne. Video zile zilifika mbali. Watu walimwandikia kutoka Malindi, kutoka Nairobi, hata ng'ambo, wakisema amewakumbusha vyungu vya bibi zao. Gona alimsomea Mbeyu maneno yao kwa sauti, machozi yanamlengalenga. Huyo ndiye Gona aliyemjua. Huyu wa aproni alikuja baadaye, na Mbeyu hakuambiwa walibadilishana siku gani.

Kipindi kilikuwa kinakaribia mwisho. Gona akasogea karibu na kamera, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri.

"Hivi karibuni nawaletea chakula kilichofichwa cha Wagiriama. Kiazi cha mwitu! Bibi zetu walikihangaikia siku tatu. Mimi na Kolezo, dakika kumi tu!"

Akakiinua kiazi chenyewe, kina udongo bado na mizizi inaning'inia.

Mbeyu akasimama. Leso ikamponyoka mabegani asiiokote.

"Mama, kuna nini?" Mueni akauliza.

"Kile kinaua."

Naam, kinaua, wala hakuna mzee wa Junju asiyejua. Kiazi kile hakiliwi ila kwa njaa, njaa ya kweli, ghala limefagiwa na kuku wamekwisha. Kikichimbwa humenywa, kikakatwa vipande vyembamba, vikatiwa kikapuni, na kikapu kikazamishwa katika maji yanayokwenda, siku tatu usiku na mchana, ili maji yaichukue sumu. Kisha huchemshwa, maji yakamwagwa, kikachemshwa tena, yakamwagwa tena. Na hata hapo bado. Wahenga waliweka sharti moja ambalo hata mlevi alilishika: aliyechimba huonja kwanza. Hula kipande kimoja, peke yake, watu wa nyumba yake wakimtazama, na wote hukaa na njaa zao mpaka jua la kesho. Akiamka mzima, watoto hupakuliwa. Na hakuna kuonjeana. Kila chungu na mchimbaji wake, kila mchimbaji na roho yake.

Jumatatu Mbeyu alikuwa Kilifi mjini, anapanda ngazi za ofisi ya Gona. Kutani Gona alikuwa amebandikwa mara nne, kila picha ana mwiko. Gona mwenyewe alipomwona aliinuka mbio.

"Shikamoo Mayo! Mbona hukupiga simu nikuletee gari?"

"Marahaba. Kile kiazi usikipike."

"Hata chai hujanywa, jamani!"

"Chai nitakunywa kwangu. Usikipike."

Mezani alikaa msichana mmoja, Nyokabi, mzaliwa wa bara, ndiye anayekitayarisha kipindi. Alikuwa na adabu zake, hakuwa mtu mbaya. "Mama, usijali," akasema. "Hatupiki kile chenyewe. Kampuni iko na unga yake, imetengenezwa kiwandani, imepimwa. Kuchimba ni ya picha tu."

"Na anayetazama atajuaje?"

"Tutaandika pale chini, maandishi madogo."

"Yule wa kwetu mwenye jembe na asiye na hela ya pakiti, huyo atasoma maandishi madogo?"

Nyokabi akamtazama Gona. Gona akavuta kiti, akakaa mbele ya Mbeyu magoti kwa magoti, kama alivyokaa alipokuwa mdogo akiungama kuvunja sahani.

"Mayo, nisikilize. Nilipika bure miaka minne. Nilikuwa nakopa hata vocha ya kupandishia video. Wote walinisifu, na hakuna aliyenipa hata nazi. Bila Kolezo hakuna kipindi, na bila kipindi watoto wa Kilifi nzima hawaujui mtsunga, wanajua chipsi. Mimi nimeuza nini? Nimeuza uchungu kidogo, basi. Chakula chenyewe kipo."

Yale yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili, na Mbeyu ndiye aliyemsomesha. Akamgeukia Nyokabi. "Mwanangu, tupishe kidogo." Nyokabi akatoka, mlango akaurudisha nusu.

"Gona, mamako hakufa kwa homa."

Miaka thelathini alikuwa ameyafunga maneno hayo, na sasa yalitoka bila hata kupangwa. Akamweleza ule mwaka wa ukame. Kijito kilikauka, maji yanayokwenda hayakuwapo, Jumwa akaloweka viazi kwenye beseni, akibadilisha maji aliyoyafuata mbali kwa kichwa. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Watoto wakalia usiku, wakalia asubuhi. Siku ya pili jioni Jumwa akasema inatosha. Akachemsha, akamwaga, akachemsha, akaketi mlangoni akala kipande chake, watoto wakimtazama. Kwanza ulimi ukafa ganzi, akacheka, akasema pengine ni moto wa chakula. Baadaye akaanza kutapika. Baadaye degedege. Mbeyu alifika akakuta watoto wamekizunguka chungu wakimngoja mama yao aamke wapakuliwe.

"Mazikoni mtu mmoja alisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilimtukana matusi ya nguoni, mbele ya maiti."

Gona alikuwa ameinamisha kichwa. "Nani alikuwa akilia, Mayo?"

Hiyo ndiyo sababu Mbeyu alisema homa miaka yote hiyo: ili mtoto asije akauliza swali hilo. Na sasa limeulizwa.

Gona alilia, mabega yanatikisika, akamlalia Mbeyu mapajani na aproni yake na harufu yake ya manukato. Mbeyu akamshika kichwa. Alipoweza kusema, Gona akasema, "Siku tatu, Mayo. Nitaonyesha siku tatu, kama ilivyo. Nitachimba mwenyewe na nitaonja mwenyewe. Nakuapia kaburi lake."

Mbeyu alirudi Junju mwepesi. Njiani alinunua hata halua, kitu ambacho hakukifanya siku nyingi, akamgawia Mueni.

"Nilikwambia mtoto ni wako," Mueni akasema huku anatafuna. "Damu haipotei."

Wiki iliyofuata, Jumatatu, walikuja kijitoni, magari mawili, miavuli, vioo vya kurudisha mwanga. Gona alichimba mwenyewe kweli, jasho linamchuruzika, na alipofika chini akakata kichwa cha kiazi akakirudisha shimoni, akafukia, ili kichipue tena. Hakuna aliyemkumbusha. Sharti lile lilikuwa la bibi yake Mbeyu: chimba utakacho, lakini kichwa rudisha. Mbeyu alifurahi mpaka akaona haya. Wakamweka karibu na Gona, Nyokabi akamwomba atikise kichwa kukubali Gona akieleza, na Gona akaeleza sawasawa, siku tatu, maji yanayokwenda, aliyechimba huonja kwanza. Mbeyu akatikisa kichwa kwa moyo mmoja. Kikapu alikifunga yeye, jiwe alilitia yeye.

Alidhani sasa watakwenda zao warudi Alhamisi. Nyokabi akapiga makofi. "Siku ya pili! Gona, shati!"

Gona akaingia nyuma ya kichaka na shati la buluu, akatoka na la manjano. Akakiinua kikapu, akakitikisa, akakizamisha. "Siku ya tatu! Shati!" Akatoka na jeupe. Jua halijafika hata utosini.

"Gona," Mbeyu akaita. "Hizi ndizo siku tatu?"

"Ni picha, Mayo. Nani atakaa mtoni siku tatu na kamera za watu? Mtazamaji ataambiwa."

Mbeyu akalimeza hilo. Si ataambiwa? Lakini gari la nyuma likafunguliwa, ikashushwa sahani kubwa imefunikwa, imetoka hoteli moja ya Kikambala, na ilipofunuliwa hakuhitaji kusogea. Muhogo. Muhogo wa nazi, mweupe, laini, ule unaouzwa sokoni kila siku ya Mungu. Gona akakaa mkekani, akaitazama kamera, akaanza.

"Mama yangu aliitwa Jumwa. Nilikuwa na miaka minne. Nililia njaa. Mama akaharakisha."

Yalikuwa maneno ya Mbeyu, yale ya ofisini, yamepangwa: beseni, ulimi kufa ganzi, watoto kukizunguka chungu. Na machozi yakamtoka Gona, na Mbeyu aliyejua kila aina ya kilio cha mtoto yule akajua kwamba ni machozi ya kweli. Hapo ndipo palipomuuma. Yalikuwa ya kweli, na yalipoteremka kwenye shavu la kushoto, Nyokabi akasema mwanga ni mzuri upande wa kulia, na Gona akajipangusa akarudia tokea mwanzo, na yakatoka tena.

"Kwa heshima yake," Gona akamalizia, "Kolezo wanawaletea Unga wa Kiazi cha Jumwa. Siku tatu za mama yangu, kwenu ni dakika kumi." Akachukua kipande cha muhogo. "Na kwetu sisi, aliyechimba huonja kwanza." Akala.

Mbeyu alinyanyuka. Aliingia majini na viatu vyake, akakivuta kikapu, akachomoa kipande cha kiazi, maji yakamtiririka mpaka kwenye kisugudi. Akaja akasimama mbele ya Gona, kamera bado inakwenda.

"Huo ni muhogo. Ulichochimba ni hiki. Haya, mwana wa Jumwa. Onja."

Gona alikitazama kipande kile, akamtazama Mbeyu, akatabasamu kwa midomo peke yake. Mkono wake haukuondoka pajani.

"Kateni," akasema kwa sauti ndogo. "Kateni hapo."

"Jumwa hakuwa na mtu wa kumwambia kateni," Mbeyu akasema.

Walikusanya vyombo vyao. Gona alikuja kumuaga, Mbeyu akampa mgongo. Walipoondoka alikifukia kile kikapu pamoja na vilivyomo, kwenye kichuguu, mbali na njia.

Kipindi kilipotoka, Mueni alijaza watu dukani. Mbeyu alisimama nyuma kabisa. Mashati yale matatu yalipita upesi upesi, buluu, manjano, jeupe, sauti ya Gona inasema siku tatu za zamani, halafu Jumwa, halafu kilio, wanawake wakajifuta macho kwa leso. Gona akala. Na mara tu alipomeza akaonekana Mbeyu, uso mzima, anatikisa kichwa, ameridhika. Kule kutikisa kwa asubuhi wakakutoa walikokuwa wamekuweka, wakakupachika hapo. Neno lake hata moja halikusikika.

"Umependeza, Mama!" watu wakamwambia. Mbeyu akaondoka.

Alipita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia ni muhogo, aliwaambia kiazi hakikulowekwa hata saa moja, aliwaambia Jumwa alikufaje, lakini Jumwa walikwishamsikia kutoka kwa Gona, tena kwa muziki. Wengine walimjibu kwa heshima. Wengine walisubiri apige hatua wakasema mwanamke yule ana kijicho, anambania mwanawe riziki huku anakunywa maji ya tangi lake. Mueni alileta zile pakiti za unga wa Jumwa, akazipanga rafu ya juu. Juu ya kila pakiti kuna picha ya mama wa Kigiriama anapepeta, mzuri, mnene. Si Jumwa. Jumwa hakupigwa picha hata moja maishani mwake.

"Nisipouza mimi atauza mwingine," Mueni akamwambia bila kumtazama. "Nina watoto, Mama."

"Sijakuuliza kitu."

Mvua za vuli zilichelewa mwaka huo. Siku moja adhuhuri Mbeyu alikuwa anapita kwa Caroline, mke wa Laban, mtoto wa watu mwenye bidii na watoto watatu wadogo, mume yuko Kikambala anafanya kibarua cha kufyeka majani hotelini. Mbeyu alikuwa ameshapita kizingiti cha ua aliponasa harufu. Harufu ile ilikuwa na miaka thelathini na alikuwa hajaisahau. Akageuka. Watoto walikuwa wamekaa mstari mmoja, sahani mapajani, na Caroline ameshika upawa.

Aliruka, akakipiga teke chungu, kikabingirika, ule uji mweupe wa kiazi ukamwagika mavumbini, ukamchoma mguu na hakusikia. Watoto wakaangua kilio.

"Wamekula? Caroline! Wamekula?"

"Hata bado! Ndio nilikuwa nawapakulia! Mayo, kwani mimi nimekukosea nini?"

"Umeloweka siku ngapi?"

"Nimeloweka asubuhi, nikabadilisha maji mara tatu, kama Gona alivyobadilisha. Na nimetia Kolezo." Caroline akaonyesha kipakiti kidogo, kile cha bei ya chini, kimechanwa. "Ule unga wenyewe ni ghali, siuwezi. Lakini si alisema yeye na Kolezo ni dakika kumi?"

Mbeyu alihema. "Na nani ameonja?"

Caroline alimtazama kwa mshangao wa kweli, hana hila hata chembe.

"Si Gona ameshaonja? Aliyechimba huonja kwanza, wote tumemwona akila. Na aliamka mzima, maana Jumapili alikuwa Malindi kwenye maonyesho anapeana mikono na watu. Basi mimi nionje cha nini tena? Na wewe mwenyewe, Mayo, ulitikisa kichwa."

Mbeyu akakaa chini, palepale kwenye uji. Alifundishwa kwamba hakuna kuonjeana, lakini hilo hakumfundisha Caroline, wala hakuna aliyemfundisha. Sharti limebaki, maneno yake yote yamo, ila roho yake imetolewa. Mtu mmoja amekula muhogo mbele ya kamera, na nchi nzima imeonjewa. Na muhuri wa jambo lenyewe ni kichwa chake yeye, kinachotikisika kila mtu anapofungua simu.

Kesho yake alfajiri alichukua jembe akaingia mwituni.

Mahali penyewe palikuwa nyuma ya kijito, miti imesongamana, na marando ya kiazi kile yamepanda kila mti. Bibi yake alichimba hapo, na mama yake, na Jumwa. Vichwa vilivyochipua ni vile walivyovirudisha wao. Mbeyu alianza ukingoni. Akachimba shimo la kwanza, akatoa kiazi, mkono wake ukakata kichwa kwa mazoea na kuinama kukirudisha. Akauzuia mkono kwa nguvu. Akakitupa kichwa guniani pamoja na mwili wake.

Alichimba siku saba. Hakumwita mtu na hakuna aliyemsaidia, mtoto wa Caroline alikuja kuchungulia akamfukuza. Viganja vilichubuka, akavifunga matambara. Magunia aliyaburura mpaka kwenye choo cha zamani kilichokwisha, akayamwaga humo, akamwagia majivu. Na alilia, asikudanganye mtu kwamba mwanamke yule alikuwa jiwe. Alilia kwa sababu alijua anachokifanya. Ukame utarudi, hurudi daima, na ndani ya ardhi ile ndimo lilimokuwa ghala la mwisho, ghala lisilofungwa na lisilodai hela, na anayelivunja ni yeye, mtu wa mwisho ajuaye kulifungua. Lakini kila alipotaka kuacha aliiona ile safu ya watoto watatu na sahani zao. Akainua jembe tena.

Gona alikuja siku ya tisa. Hakuja kwa ajili ya hilo, alikuwa halijui. Kipindi kimependwa, wakubwa wa Kolezo wameomba sehemu ya pili, asili ya kiazi cha Jumwa, mahali kinapoota. Nyokabi alikuwa naye na mwenye kamera. Walimkuta Mbeyu mwituni ameketi juu ya jembe lake, na pande zote mashimo, mashimo matupu, marando yamekauka juu ya miti.

Gona alisimama. Alitembea shimo hadi shimo, akichungulia. Akapiga magoti kwenye moja, akafukuafukua kwa vidole, akaenda jingine akafukua. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Mbeyu alimwona yule wa simu iliyopasuka.

"Mayo. Hata vichwa hukurudisha?"

"Hata kimoja."

"Njaa ikija, watu watakula nini?"

Swali hilo Mbeyu alijiuliza siku saba. Yule mtoto aliuliza kwa haki, hilo hakumnyima.

"Si unazo dakika kumi?" akamwambia. "Wapikie."

Gona akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika kama siku ile ofisini. Mbeyu alitaka kuinuka amshike kichwa. Alikuwa ameshaweka mkono chini ajiinue, ndipo akamsikia Nyokabi nyuma, ananong'ona kwa haraka: "Chukua hiyo. Chukua mashimo, halafu uje kwa uso."

Gona alimsikia pia. Hakusema kateni. Alijipangusa kwa kiganja, machozi bado yanakuja, akageuka kidogo ili shavu la kulia liwe upande wenye mwanga.